Kutoka Shika Adabu hadi Tudor kwa kiti cha magurudumu

Swali: "Ndugu yangu ana miaka 23. Mwaka juzi alianguka mnazi akavunjika uti wa mgongo, na tangu hapo hana nguvu wala hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono iko sawa. Sasa amepata nafasi Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, nasi twakaa Shika Adabu, Likoni, ng'ambo ya feri. Siku ya kujisajili tulitoka naye: matatu mbili zilitupita, ya tatu makanga akataka nauli ya watu wawili kwa sababu ya kiti, na wakati wa kushuka feri nusura aanguke kifudifudi. Mama sasa asema heri asiende, au tumpangie chumba mjini, na hiyo pesa hatuna. Je, makanga ana haki ya kutoza kiti? Na iko njia ya kumfikisha chuo bila kumuumiza?"

Dada yangu, njia iko. Mwambie mama asikate tamaa kwa sababu ya siku moja mbaya. Kazi yangu ni kuwafunza watu waliovunjika uti wa mgongo kurudi kwenye shughuli zao, na hapa Pwani wengi wao waliangukia pale pale alipoanguka ndugu yako, juu ya mnazi au mwembe. Wako wanaovuka feri kila siku.

Tatizo ni kwamba mliipanga safari kama anavyoipanga mtu anayetembea. Mtembeaji hutazama nauli na gari lililo mbele yake. Mtu wa kiti cha magurudumu hutazama kwanza atainuliwa mara ngapi. Kila kuinuliwa ni nafasi ya kuanguka, ya kuchubuka ngozi asiyoisikia, na ya kujitia mikononi mwa mtu asiyemjua. Hebu ihesabu safari yenu ya siku ile. Kapanda matatu Shika Adabu, kashuka feri. Ng'ambo kapanda nyingine, kashuka mjini, kapanda ya Tudor, kashuka. Mara sita kwenda tu, na kurudi mara sita nyingine. Hata kijana mwenye kifua cha mpiga makasia atachoka, na siku akichoka ndiyo siku ya kuumia. Ukitumia tuktuk moja hadi feri na nyingine kutoka feri hadi mlangoni pa chuo, mara sita zinakuwa nne. Tuktuk ikivuka naye, zinakuwa mbili. Kwa hesabu hii nauli kubwa kidogo mara nyingi ndiyo nafuu.

Nikujibu kwanza la makanga. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Kifungu hicho hicho kinataka aitwe na atendewe kwa heshima, na cha 27 kinakataza ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka hata wenye magari ya abiria wayarekebishe yafae, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya kuchukua nafasi yake. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, kiti kile hakiwezi kuhesabiwa kama gunia la nazi. Ni miguu ya abiria, na kukitoza ni kumtoza ulemavu wake.

Hiyo ndiyo haki. Steji ya Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi ina hesabu zake. Makanga ana pesa ya kufikisha kwa tajiri jioni. Kiti kisipoingia buti kitakalia nafasi ya abiria, na hakuna anayemrudishia makanga nauli hiyo. Sisemi hivi kumtetea, nasema ujue unabishana na nini. Na gari lenyewe halikubadilika kwa sababu ya karatasi: Hiace ya abiria 14 ni ile ile, mlango wa kuvuta, kijia chembamba, na kile kiti cha mbele watu wanachodhani ni cha heshima kiko juu ya kiti cha magurudumu karibu dhiraa nzima. Mtu asiye na nguvu za miguu hawezi kujivuta pale, na wanaomvuta wanamshika popote mkono unapofika.

Siku ya mtihani, lipa ufike, kisha ulalamike. Andika namba ya gari, jina la sacco, yaani chama cha wenye matatu, lililo ubavuni, njia, tarehe na saa. Peleka kwanza kwenye ofisi ya sacco yenyewe, maana meneja wa sacco anamjua dereva kwa jina na anaweza kumsimamisha kesho asubuhi. Wakinyamaza, nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Lalamiko lenye namba ya gari na saa hufanyiwa kazi. Lile la "matatu za Likoni zatudharau" halina wa kulijibu.

Matatu basi iwe ya akiba. Safari ya kila siku iwe tuktuk.

Tuktuk haikutengenezwa kwa ajili yake, lakini ina mambo matatu ambayo Hiace haina: ubavu ulio wazi bila mlango, kiti cha abiria kisichopanda juu sana, na dereva mmoja asiye na makanga wa kumharakisha. Fundi wa kwanza wa kupunguza pengo la kimo ni barabara yenyewe. Tafuteni mahali penye ukingo au kijiinuko, kiti cha magurudumu kisimame juu, tuktuk ishuke chini. Pengo linapungua bila gharama yoyote. Kiti kikae kiguse tuktuk kwa pembe, breki zote mbili zimefungwa, bapa la miguu limetolewa. Mkono mmoja ushike bomba la tuktuk, mwingine ujisukume kwenye kiti, na kichwa kiinamie upande wa pili wa anakokwenda. Kichwa kikienda kushoto makalio huenda kulia. Ubao laini wa kutelezea, kama urefu wa mkono, utamsaidia miezi ya mwanzo. Seremala yeyote wa Likoni ataupiga randa kwa saa moja, mradi asiache ncha wala kibanzi.

Akishaingia asogee upande uliozibwa, kiti kikunjwe kisimame upande ulio wazi, kifungwe kwa ule mpira wa kufungia mizigo unaouzwa kwa watu wa bodaboda. Kiti kinakuwa mlango. Miguu yake isiachwe hivi hivi. Haijui kujizuia, na tuta moja linatosha kuurusha mguu nje. Leso iliyokunjwa na kufungwa juu ya magoti inatosha kuiweka pamoja. Bodaboda msijaribu hata kwa mwendo wa dakika tano.

Tafuteni dereva mmoja wa mtaani kwenu, mtu mzima mwenye subira, na wa pili wa kushika zamu yake akiugua au tuktuk ikiharibika. Mpatane bei ya wiki na kumlipa kwa M-Pesa kila Jumamosi, kwa sababu dereva mwenye uhakika wa pesa ya asubuhi haachi kuja mvua ikinyesha. Ulizeni pia kama kuna mwanafunzi mwingine wa Tudor upande huo wa Likoni. Hata kiti kikiwemo, mtu mmoja wa kuchangia nauli hukaa. Na kabla hamjaanza, mwombeni mkuu wa wanafunzi pale chuoni awape ratiba, mwone siku zipi ana somo moja tu ambalo mwenzake anaweza kumnakilia. Pengine siku tano zitakuwa nne.

Sasa feri, maana hapo ndipo mama alipoogopa, na aliogopa kwa haki.

Nadhani naona ilivyokuwa. Feri ilipotua, lile bamba la chuma likashuka juu ya saruji, mkasukumwa na umati, mkashuka kiti kikiwa kimetazama mbele. Vigurudumu vidogo vya mbele vikaingia kwenye upenyo wa chuma na saruji vikakwama, kiti kikasimama, yeye akaendelea. Karibu kila anayeanguka feri huanguka hivyo. Dawa yake ni kuvipitisha vigurudumu vya mbele hewani: anayesukuma anakanyaga kibomba cha nyuma, anakivuta kiti kimlalie, na kinapita kwa magurudumu makubwa tu. Kwenye mteremko mkali kiti kishuke kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini, na abiria anatazama alikotoka. Kupanda ni kwa kawaida, msaidizi nyuma anasukuma. Na mkanda wa kiti uwe umefungwa tangu mnapofika foleni. Kama kiti chake hakina mkanda, fundi wa viatu atakishonea.

Ukali wa mteremko wenyewe unategemea maji, na hapa nyinyi watu wa Likoni mna elimu ambayo daktari wa Nairobi hana. Maji yakiwa yamejaa, feri hutua juu na mnatoka kwa hatua chache. Yakipwa inatua chini, na mnabaki na saruji ndefu ya kupanda, sehemu ya chini ikiwa imelowa na ina utelezi. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa katika lango la Kilindini, hapo mnapovuka, hupita mita 3. Kupwa kwa bamvua hapa kwetu huangukia karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kisha usiku tena saa hizo hizo, na kujaa ni kama saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hivyo siku za bamvua, hata somo likiwa la saa tano, avuke saa kumi na mbili akasomee maktaba. Kurudi alasiri atakuta maji yamejaa na feri iko juu. Siku za mafu, zile za katikati ya bamvua mbili, asihangaike sana, maji hayaendi mbali. Kalenda ya mwezi iliyotundikwa ukutani kwenu kwa ajili ya Ramadhani ndiyo ratiba yake ya feri.

Asubuhi ni saa ya watu wa Likoni wote kwenda kisiwani, kwa hivyo msingoje ndani ya umati. Nendeni kwa askari aliye langoni, mwambieni mapema mwataka kuingia kabla lango halijafunguliwa kwa wote. Mkiulizwa kwa nini, kiti kitajibu. Mkiwa ndani kaeni kando ya ukuta, mbali na bamba la chuma na mbali na njia ya magari, kiti kimekingama na si kuelekea mbele, breki zimefungwa. Mwambieni mfanyakazi wa feri kabla haijatua kwamba mtashuka umati ukishapita na kabla gari la kwanza halijawasha moto. Watembea kwa miguu hawalipi feri, na kiti cha magurudumu ni mtembea kwa miguu. Tuktuk hulipa, na mkipatana na dereva avuke naye, hiyo ada iingie kwenye bei ya wiki.

Feri ikiharibika au foleni ikiwa haisogei, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayozunguka hadi Miritini bila kuvuka maji. Ni mbali na ni bei ya teksi. Wekeni akiba ya safari moja au mbili za namna hiyo kwa siku za mitihani.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo ndilo linalowarudisha watu nyumbani kuliko makanga wote wa Likoni: ngozi.

Yeye hasikii makalio yake. Wewe ukikaa kwenye foleni unajisogeza bila kufikiri, damu inapita. Yeye hasogei, na mfupa unaibana nyama hadi inakufa. Kidonda cha kukalia kinaanza kama wekundu au weusi wa ngozi tu, na kikifunguka kinaweza kumlaza kifudifudi kwa miezi, muhula mzima umekwenda. Watu wazima watamwambia subira huvuta heri. Kwa kidonda hiki, subira huvuta usaha. Kila robo saa hadi nusu saa, ajiinue kwa mikono au ainame mbele hadi kifua kikaribie magoti, akae hivyo dakika moja au mbili. Ndani ya feri ainame, breki zikiwa zimefungwa na wewe umeshika kiti. Darasani ainame. Ataona haya wiki ya kwanza, halafu wenzake watazoea.

Mto wake wa kukalia umfuate ndani ya tuktuk. Wengi huuacha kwenye kiti kilichokunjwa, wakasafiri juu ya rexine ngumu ambayo chini yake ni mbao na chuma, na barabara za ndani za Likoni mwazijua. Akishahamia, ajiinue kwa bomba, wewe uusukume mto chini yake. Tuktuk iliyosimama juani mchana usimketishe kabla hujagusa kiti na sakafu kwa kiganja. Nimeuguza nyayo na mapaja yaliyoungua kwa chuma cha moto bila mwenyewe kujua hadi usiku. Viatu daima, hata safari ikiwa ya dukani. Jioni ajitazame kwa kioo, na wekundu au weusi usiotoweka akishatoka kwenye kiti unamaanisha kesho yake halali juu ya sehemu hiyo wala haikalii, somo au hakuna somo.

Halafu maji ya kunywa. Vijana wa kiti wanapojua safari ni ndefu na choo hakiingiliki, huacha kunywa tangu jioni. Katika joto la Mombasa hilo ni kujitafutia maambukizi ya kibofu na figo. Siku ya kwanza chuoni, kabla ya kutafuta darasa, tafuteni choo ambacho kiti kinaingia na mlango unafunga. Ajikojoze kwa ratiba yake aliyofundishwa hospitali kabla tu ya kutoka nyumbani, na tena akifika. Katikati anywe kama kawaida.

Mvua za masika zikianza, breki za kiti hazishiki vizuri tairi likiwa limelowa. Awe na kitambaa mfukoni, na glavu za mikono. Kiti chenyewe, kama ni kile cha hospitali chenye vigurudumu vya mbele vidogo kama vya toroli la supamaketi, hakitadumu kwenye mchanga wa Shika Adabu wala mabamba ya mifereji ya mjini. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, kina kituo chake Bombolulu, na hutapata ushauri wa kiti ulio bora kuliko wa mafundi wanaovitumia wenyewe. Ulizeni kiti chenye vigurudumu vya mbele vipana, kinachokunjika, na magurudumu makubwa yanayochomoka.

Na ajisajili kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kama bado. Huanza kwa kupimwa hospitali ya serikali. Kwenu itakuwa rahisi kufanya Makadara, hospitali kuu ya Pwani, siku atakayokwenda kliniki. Kadi atakayopewa na Baraza haimwondolei nauli, wala msidanganywe. Inamfungulia msamaha wa kodi akianza kazi, na maombi ya vifaa na ya msaada wa masomo. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge, na ya kaunti ziombwe pia kama zinatolewa, na kwenye barua muandike gharama ya tuktuk kwa muhula kama sehemu ya gharama za masomo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

La mwisho ni lako wewe, dada. Makanga, askari wa feri, hata karani wa chuo watakuuliza wewe juu ya kichwa chake: "Aenda wapi huyu?" Usijibu. Mtazame ndugu yako, naye aseme. Vijana wanne wenye moyo mwema watakuja mbio kumbeba, wawili watashika mikono ya kiti ambayo huchomoka, mmoja atashika gurudumu. Lazima yeye awe wa kwanza kupaza sauti: "Subirini. Wewe shika mishikio ya nyuma. Wewe shika fremu hapa chini. Tunainua nikisema tatu." Afanye mazoezi ya maneno hayo nyumbani, kwa sauti, hadi yatoke bila aibu. Wapwani hatukatai kusaidia. Tunachokosa mara nyingi ni mtu wa kutuambia tushike wapi.

Kabla ya muhula kuanza, chagueni Jumapili moja asubuhi, siku ambayo si ya bamvua, feri ikiwa na watu wachache. Mchukueni dereva mliyepatana naye na mumchukue mama pia. Mwendeni mlango kwa mlango hadi Tudor, mtafute choo, mtazame madarasa yaliyo ghorofa ya chini, mrudi. Kila mahali palipowasumbua paandikeni. Jumatatu inayofuata nendeni na karatasi hiyo kwa mkuu wa wanafunzi, mumwombe masomo yake yawekwe chini na tuktuk iruhusiwe kuingia hadi mlangoni pa darasa. Lakini mkanda wa kiti ushonwe kabla ya Jumapili hiyo.